Karura, na wenzangu wa bweni

Jumamosi asubuhi tuliingia msitu wa Karura, Nairobi, sisi wanne tuliolala bweni moja tangu kidato cha kwanza. Vijia vyake navipenda mno: udongo mwekundu ulioshindiliwa vizuri, na kwenye njia panda nguzo zenye namba.

Kwenye maporomoko, mwenzetu mmoja akaanza kutusimulia ugonjwa wa mamake. Tulisimama pale tukamsikiliza hadi mwisho, mikono tumeshikana. Mbega akaruka juu yetu, mkia mweupe ukining'inia.

Mwaka 1999 Wangari Maathai alipigwa akiutetea msitu huu usigawiwe wajenzi. Kila nikipita langoni namshukuru, Mungu amrehemu.

Baadaye tukanywa chai ya tangawizi kutoka chupa yangu, na mahamri. Mwezi ujao, mamake akipata nafuu, tutakuja naye.