Ringi hazinunuliwi kwa jina la gari

Ukifika duka la spea hapa Arusha ukasema "naomba ringi za wan echi zedi", yaani ringi za pistoni za 1HZ, injini ya dizeli ya Land Cruiser, muuzaji anayejua kazi atakuuliza kitu kimoja tu: standadi (saizi ya kiwandani) au ovasaizi (kubwa zaidi, za silinda iliyochongwa)? Kama jibu lako ni "si zile za Land Cruiser", usitoe hela. Rudi gereji ukapime.

Silinda ya 1HZ ikiwa mpya ina kipenyo cha mm 94. Lakini Land Cruiser nyingi za kubeba watalii zimeshafunguliwa injini zaidi ya mara moja, na kadi ya gari haiandiki kwamba bloku ilichongwa.

Anzia kichwani mwa pistoni. Namba imefichwa na masizi, nayo haikuchimbwa sana, kwa hiyo usikwangue kwa bisibisi wala brashi ya waya. Loweka kwenye dizeli usiku kucha, asubuhi pangusa kwa tambara. Utakuta STD (standadi), au 0.50 (ovasaizi ya mm 0.50), au 50 tu. Nyingine zimeandikwa kwa inchi, na hapo ndipo watu hujikwaa: 020 ni inchi 0.020, yaani karibu mm 0.50, wala si mm 0.20. Vivyo hivyo 040 ni karibu mm 1.00.

Usiiamini namba peke yake. Pima pistoni kwa mikromita kwenye sketi (ubavu wake wa chini), upande unaokingama na pini. Ukipima juu kichwani utadanganyika, maana huko pistoni hutengenezwa ikiwa nyembamba kidogo. Kipenyo kufanana nacho hakitoshi. 1HZ na injini ya 1HD-T zote ni mm 94, ila ya pili ina bakuli kichwani kwa sababu dizeli hupuliziwa humo moja kwa moja. Kwa Hiace za vifodi (daladala), injini ya 3L ni mm 96 na 5L ni mm 99.5, japo kwa nje zinafanana kama mapacha. Linganisha pia unene wa pini, urefu kutoka katikati ya pini hadi kichwani, na upana wa kila mfereji wa ringi.

Kisha silinda. Pima juu, katikati na chini, kila mahali pande mbili zinazokingamana: vipimo 6 kwa silinda, 36 kwa 1HZ nzima. Inachosha, lakini ndiyo kazi yenyewe. Sehemu iliyolika zaidi huwa juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia. Ukipitisha kucha ukahisi kingazi, kikatwe, la sivyo ringi mpya itakigonga na kuvunjika. Silinda iliyolika mm 0.20 hivi haitibiwi na ringi. Chonga zote, uweke pistoni za ovasaizi.

Kwa nini ringi za STD hazifai kwenye silinda ya 0.50? Kipenyo kikiongezeka mm 0.50, mzunguko unaongezeka mm 1.57, na wote huo unakuwa uwazi kwenye ncha za ringi. Kompresheni inapita hapo na injini inakula oili tangu siku ya kwanza. Wapo mafundi wanaofanya kinyume chake: wananunua ringi za 0.50, wanapiga tupa ncha mpaka ziingie kwenye silinda ya STD. Inaingia, ndiyo, ila imepoteza duara lake. Ishike ndani ya silinda, mulika taa kwa chini: utaona mwanga ukipenya pembeni.

Uwazi wa ncha pimia ndani ya silinda, sehemu ya chini, pasipolika sana. Ingiza ringi, isukume kwa pistoni iliyogeuzwa ili ikae sawa, pitisha fila geji (vibapa vya kupimia uwazi). Bila kitabu cha injini, kadiria inchi 0.004 kwa kila inchi ya kipenyo. Kwa mm 94 ni karibu mm 0.38. Ukiwa mdogo mno, ncha zitagusana injini ikipata joto, na ringi itakwaruza silinda.

Wakati wa kuvisha, alama ya T, N, R au nukta huangalia juu. Ringi ya pili ikigeuzwa hukwangua oili kuipeleka juu badala ya chini. Ncha zisipangwe mstari mmoja.

Baada ya kuhoni (kusugua silinda kwa jiwe), osha silinda kwa maji ya moto na sabuni, si petroli pekee, kwa sababu petroli huacha unga wa jiwe kwenye mikwaruzo. Paka oili nyepesi, pangusa kwa kitambaa cheupe. Kikitoka kijivu, osha tena.