Kipato cha mvuvi kwenye fomu ya ufadhili

Mtoto wa Kizingitini, Lamu, aliyepata C+ kwenye KCSE anaomba shahada kupitia KUCCPS, shirika linalowapanga wanafunzi vyuoni, sawa na wa Nairobi. Dhuluma humngojea mbele, kwenye fomu ya ufadhili.

Mfumo wa 2023 wa kufadhili wanafunzi wa vyuo vikuu umezigawa familia bendi tano. Ya kwanza ni kipato kisichofika shilingi 5,995 kwa mwezi, ya pili mwisho 23,670, ya tatu 70,000. Kwa viwango vya 2024, bendi ya pili nyumbani mlitoa asilimia 10 ya gharama ya kozi, ya tatu 20. Kozi ikiwa ya 150,000, kuteleza kutoka ya pili hadi ya tatu kulikuwa 15,000 zaidi kila mwaka.

Sasa mvuvi hana hati ya mshahara. Akiulizwa anapata ngapi, hutaja mwezi mzuri wa kaskazi: 25,000. Mtoto anaandika, na kwa kipato hicho ni bendi ya tatu. Piga hesabu ya mwaka mzima. Toa kwanza petroli, barafu na fungu la mwenye chombo. Tuseme miezi saba inabaki 25,000, na mitano ya kusi, bahari imechafuka, 6,000. Jumla 205,000, gawanya kwa 12, ni 17,083. Huo ndio ukweli wa nyumba ile, na ni wa bendi ya pili. Bendi haipangwi kwa kipato tu, lakini nambari hii msiibahatishe.

Mtego mwingine ni shule. Aliyesomeshwa na mfadhili kwenye shule ya kibinafsi huonekana wa kwao wanazo. Aweke barua ya mfadhili tayari. Akipangwa vibaya, akate rufaa nayo.

Swali la kumpima mwombaji kwa alikotoka liko hata ng'ambo. Marekani, Juni 2023, Mahakama ya Juu ilikataza vyuo kupima rangi ya mwombaji wakati wa kudahili, kwenye kesi za Harvard na North Carolina. Hata hivyo Jaji Mkuu John Roberts alisema mwombaji anaweza kueleza kwenye insha jinsi rangi ilivyomgusa maishani. Kwetu hakuna insha. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 inawataja wachache na waliotengwa kwamba wapewe upendeleo, ila upendeleo huo kwa shahada humkuta aliyekwisha kufika C+. Mtoto wa jamii ya Waboni wa Basuba, huko huko Lamu, ambako shule zilifungwa miaka kwa ajili ya mashambulizi, apimwe kwa C+ ile ile?