Jinsi nilivyofuatilia fidia ya bima ya maisha ya marehemu kaka yangu

Kaka yangu alifariki tarehe 19 Agosti 2022 kwa ajali ya pikipiki, kilomita chache kutoka Morogoro mjini. Wiki tatu baada ya maziko, wifi alinikabidhi bahasha ya kaki aliyoitoa kwenye sanduku la marehemu. Ndani yake mlikuwa na mkataba wa bima ya maisha wa shilingi milioni 20 alioukata mwaka 2016, stakabadhi za ada ya shilingi 45,000 kwa mwezi, na nakala ya fomu ya wanufaika yenye majina mawili: mama yetu, apate nusu, na mtoto wa kaka, aliyekuwa na miezi minne fomu ilipojazwa, apate nusu. Jina la wifi halikuwemo kwa sababu walikuwa bado hawajafunga ndoa, na mama yetu naye alikuwa ametangulia mbele ya haki mwaka 2019. Fomu hiyo haikuwahi kubadilishwa.

Siku ya kwanza tulipofika kwenye ofisi ya kampuni, kijana wa mapokezi aliangalia kompyuta yake, akatuambia kwamba ada ya Agosti haikuonekana na kwa hiyo bima ilikuwa imekufa. Wifi alikwishasimama na kujifunga vizuri kanga yake tuondoke. Nilimwomba yule kijana anisubiri nifungue mkataba, kwa kuwa usiku uliotangulia nilikuwa nimeona mahali palipoandikwa kwamba anayechelewa kulipa ana muda wa nyongeza wa siku 30, na kwamba akifariki ndani ya siku hizo kampuni inalipa baada ya kukata ada anayodaiwa. Ada ilipaswa kulipwa tarehe mosi, na kaka alifariki tarehe 19. Aliusoma ukurasa ule mara mbili, akatupa fomu ya madai bila kusema neno zaidi.

Nyaraka zilituchukua miezi miwili. Kibali cha mazishi tulikuwa nacho, na cheti cha kifo tulikipata RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, lakini jina la kati kwenye cheti lilitofautiana na lile la kwenye mkataba, ikatubidi kwenda kwa wakili kuandikisha hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Kampuni ikataka pia kumbukumbu za hospitali, kwa kuwa kaka alikuwa akitumia dawa za presha na kwenye fomu ya maombi alijaza kwamba hana ugonjwa wowote. Hapo niliogopa, maana kuficha ugonjwa wakati wa kuomba bima ni sababu inayotosha kulivunja dai zima. Bahati nzuri kadi yake ya kliniki ilionyesha kwamba presha iligundulika mwaka 2018, miaka miwili baada ya mkataba kuanza, na mtu hawezi kulaumiwa kwa kutotaja ugonjwa ambao hakuwa ameambiwa kwamba anao.

Mwezi Desemba ikaja barua ya kulikataa dai. Ilieleza kwamba, kwa mujibu wa ripoti ya polisi, marehemu alikuwa akiendesha pikipiki akiwa na leseni ya daraja D, ambalo haliruhusu pikipiki, na kwamba kifo cha mtu anayeendesha chombo bila leseni stahiki ni miongoni mwa mambo yasiyofidiwa. Jambo lenyewe lilikuwa la kweli. Ndugu mmoja alipendekeza tutafute shahidi wa kusema kwamba kaka alikuwa abiria. Nilimjibu kwamba ripoti ya polisi ina mchoro wa ajali, na kwamba sitasimama kwa mtu yeyote kuusema uongo huo.

Nilikaa mezani na rula, nikausoma mkataba mstari kwa mstari, na kazi hiyo ilinichukua jioni tatu. Nilichokigundua ni kwamba ndani ya karatasi zile mlikuwa na bima mbili. Ya kwanza, bima yenyewe ya maisha, ilikuwa na mambo mawili tu yasiyofidiwa: kujiua ndani ya miezi 12 tangu mkataba uanze au ufufuliwe baada ya kufa, na kutoa taarifa za uongo kwenye maombi. Ya pili ilikuwa nyongeza ya ajali, iliyoahidi milioni 20 nyingine endapo kifo kingetokana na ajali, na ilikuwa na orodha yake ndefu: ulevi, mashindano ya magari, vita na ghasia, kuvunja sheria, na kuendesha bila leseni stahiki. Kifungu kilichonukuliwa kwenye barua kilitoka kwenye kiambatisho cha nyongeza, lakini kampuni ilikitumia kuzikataa zote mbili.

Niliandika barua ya ukurasa mmoja. Nilikubali kwamba nyongeza ya ajali hailipwi, nikataja namba za vifungu na kurasa, nikadai milioni 20 za bima ya msingi. Nakala nikaielekeza kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Naamini kukubali kile tulichokosa ndiko kulikoipa barua yangu uzito. Baada ya wiki tano kampuni ikajibu kwamba imelipitia upya dai na italipa.

Ikabaki nusu ya mama. Baba mdogo alisema ile ni haki yetu sisi watoto wa mama, nami nisingekuwa mkweli nikisema kwamba wazo hilo halikunigusa, kwa kuwa ningepata fungu. Mkataba ulisema vingine: mnufaika akifariki kabla ya mwenye bima, sehemu yake inaingia kwenye mirathi ya mwenye bima. Tukafanya kikao cha ukoo, muhtasari wake ukapelekwa Mahakama ya Mwanzo, nikateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, na ndani ya miezi minne nikawasilisha Fomu Na. 5 yenye orodha ya mali na madeni. Nusu ya mtoto ililipwa mapema zaidi, mara wifi alipofungua akaunti kwa jina la mwanawe na kuleta barua ya mahakama inayomtambua kuwa mlezi.

Nusu ya pili iliingia kwenye mirathi mwezi Julai 2023. Ilikuwa shilingi 9,955,000, na karatasi ya maelezo ilionyesha kwamba shilingi 45,000 zilizopungua zilikuwa ada ya Agosti, ule mwezi ambao kaka hakuwahi kuulipia.