Sikio la maneno

Leo nimefungua daftari la zamani nikitafuta kitu kingine kabisa, nikakutana na mwandiko wangu wa miaka 11 iliyopita: "Nikifika miaka 25 nitakuwa mwimbaji wa kujaza ukumbi." Nimecheka. Kisha nimenyamaza kidogo, maana aliyeandika vile hakuwa anatania.

Nilikuwa kwenye kwaya miaka saba, sauti ya tatu. Sikukosa mazoezi. Nilikunywa maji ya uvuguvugu, nikafanya zoezi la pumzi asubuhi na jioni, nikajirekodi na kujisikiliza mpaka nikajichukia. Nikiwa katikati ya wenzangu mambo yalikwenda. Nikiachwa peke yangu, sauti ilishuka taratibu kama tairi lenye pancha. Naanza pamoja na kinanda, namaliza nikiwa chini yake. Mvumilivu hula mbivu, nilijiambia. Sikujiuliza huo mti niliokaa chini yake ulikuwa wa matunda au wa kivuli tu.

Jioni moja baada ya mazoezi, mwalimu wa kwaya aliinua karatasi ya wimbo mpya. "Mwanangu, nani kabadilisha ubeti wa pili?"

Nilitamani kukana, lakini mwandiko ulikuwa wangu. Mtunzi alikuwa ameandika "tusimame barabara", akimaanisha tusimame imara. Sasa, neno hilo lina ujanja wake. Maneno mengi ya Kiswahili hubeba mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na barabara ya magari inaifuata kanuni hiyo. Barabara ya "sawasawa" inaikiuka: mkazo wake unarudi nyuma silabi moja. Noti ndefu ya wimbo ule ilikuwa imeangukia silabi ya tatu, kwa hiyo tulikuwa tunawaimbia watu habari za njia. Nilikata neno nikaweka "sawasawa": silabi zilezile nne, mkazo palepale noti inapoutaka.

"Mbona hukuniambia?" akauliza.

"Samahani, Mwalimu. Nilidhani kila mtu anasikia."

"Hapana," akasema. "Mimi mwenyewe nimeimba hivyo wiki tatu."

Ningependa kuandika kwamba usiku ule nilizinduka. Wapi! Nilinuna. Niliona nimepewa zawadi ya kufutia machozi. Kurekebisha maneno kulikuwa hakunitoi jasho, na mimi niliamini kwamba kitu cha thamani lazima kikutese kwanza. Hilo ndilo kosa langu kubwa, kuliko hata ndoto yenyewe. Kuimba kulinitesa, kwa hiyo nikakuita kipaji. Maneno yalinijia bure, nikayaona takataka.

Nilikaa kwenye safu ya sauti ya tatu miaka miwili zaidi.

Kilichonilegeza kilitoka kwenye michezo, jambo la ajabu kwa mtu nisiyejua hata kudaka mpira. Michael Jordan alistaafu mpira wa kikapu Oktoba 1993, miezi michache baada ya baba yake kuuawa, na mwaka 1994 akaenda kucheza besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, ambao baba yake alitamani kumwona akiucheza. Alipelekwa Birmingham Barons, timu ya ligi ndogo. Alicheza mechi 127, na katika kila nafasi kumi za kupiga, alifanikiwa mara mbili hivi. Wastani wa .202, kwa lugha ya wenyewe. Mwili ule, nidhamu ile, na bado mpira ulimpita. Machi 1995 alirudi kwenye kikapu, na timu yake ya Chicago Bulls ikachukua ubingwa wa 1996, 1997 na 1998. Simdharau kwa kujaribu; ile ilikuwa pia namna ya kuomboleza. Nilichojifunza kwake ni kwamba hata bidii ya mtu kama yule haihamishiki popote anapotaka.

Baadaye nikasoma uchambuzi wa mtafiti Macnamara na wenzake, wa mwaka 2014, uliojumlisha tafiti nyingi kuhusu mazoezi. Kwenye muziki, mazoezi ya makusudi yalieleza kama asilimia 21 tu ya tofauti za uwezo kati ya watu. Nilitegemea kukata tamaa. Badala yake nilishusha pumzi, kama mtu aliyeambiwa deni lile halikuwa lake.

Si kwamba maneno nayo hayakunidai. Nilihesabu mizani mpaka vidole vikachoka, nane na nane, kumi na sita kwa mshororo, na vina vyangu vya mwanzo vilikuwa vya kulazimisha hadi aibu. Ila hapa saa moja ya kazi ilirudisha kitu. Kesho yake nilikuwa mbele kidogo ya jana. Kwenye kuimba, miaka saba yote, sikuwahi kuionja hali hiyo. Leo watunzi huniletea nyimbo kabla hazijarekodiwa, na nusu ya riziki yangu ni kuhariri maandishi ya watu.

Jumamosi iliyopita nilikaa nyuma ya ukumbi, penseli sikioni, kwaya ikijaribu wimbo niliounyoosha. Mkazo ulikaa kila mahali nilipotaka ukae. Kiitikio kikanichukua, nikaanza kuitikia kwa sauti ya chini.

Mama wa sauti ya pili akageuka kunitazama. Nikaomba radhi, nikarudi kwenye karatasi yangu.