Zuhura kaharibu mimba

Wale mliokuwa mkiniuliza kila mkinipata njiani kama farasi kazaa ama bado, jibu ndio hili na naliandika mara moja tu manake nimechoka kulirudia: mtoto hayuko. Zuhura alikuwa ashaingia mwezi wa kumi, na farasi hubeba miezi 11 hivi, wastani siku 340, kwa hivyo usidhani ni kipande cha damu kilichotoka, alikuwa mtoto kamili, manyoya yake, kope zake, na baka jeupe kwenye paji kama mamake.

Dalili tuliziona. Kiwele kilijaa mapema mno, maziwa yakaanza kudondoka yenyewe, na hilo huwa ni jambo la siku za mwisho mwisho. Daktari wa mifugo akaja akapima, akasema kondo la nyuma lina maambukizi, bakteria hupanda kupitia mlango wa kizazi, akampa antibayotiki na dawa ya uvimbe. Wengine hupona wakazaa salama. Wetu haikuwa.

Kitu ambacho hakinitoki ni kwato. Mtoto wa farasi akiwa tumboni kwato zake zimevishwa kitu laini, kama vijidole vya mpira, asije akampasua mamake akirusha teke. Akizaliwa mzima akatembea kidogo tu vinasagika vyaisha, wala huvioni tena. Hivi vilikuwa vizima vyote. Nilivishika kimoja kimoja mpaka saisi, mtunza farasi wetu, akaniambia basi mwanangu, yatosha.

Mjomba alitaka tumtoe haraka kabla mama hajamzoea. Hapo nilikataa na hata leo nitakataa, wacha amnuse. Alimnusa, akamlamba, akaita kwa ile sauti ya chini, akasimama naye weeee, mwisho akaondoka mwenyewe akaenda kwenye nyasi zake. Jike akinyang'anywa mtoto ghafla hutafuta, azunguka banda zima akilia, na mie kelele hizo singeziweza.

Halafu wallahi kilichonishika nisianguke ni kazi. Zalio, lile kondo la nyuma, lazima litoke, likipita masaa 3 bado liko ndani hiyo ni dharura, na hata likitoka lazima ulikague, manake kipande kikibaki sumu huingia mwilini na yaweza kushukia miguuni farasi akashindwa kusimama. Tulilitandaza kwenye turubai, laja umbo la herufi F ukilipanga sawa, daktari akalifuata ncha kwa ncha. Zima. Ila upande wa mlango wa kizazi lilikuwa nene, la kahawia, lanata. Akachukua sampuli, kwa sababu pia kuna kirusi cha herpesi ya farasi ambacho hutoa mimba kubwa kubwa na huambukiza, kwa hivyo Zuhura akatengwa, buti twaosha kwa dawa kila tukitoka. Kuzika nako, hapa kwetu Bamburi, Mombasa, ukichimba kidogo tu wakutana na mawe ya matumbawe, mtaimbo ukapinda, na shimo lataka liwe refu na chokaa juu kwa ajili ya mbwa.

Maziwa hatukumkamua hata tone, ukikamua waita mengine. Tulimpunguzia chakula cha nafaka, akabaki na nyasi na maji, kiwele kikawa kigumu kisha kikalegea polepole.

Maneno ya watu sasa. "Si mnyama tu?" Ehe, ni mnyama. Mwengine kaniuliza hasara ni shilingi ngapi kabla hata ya kusema pole, na huyo simwiti mbaya, huku pwani watu wamezoea farasi ni kitu cha kupigia picha ufuoni. Aliyenifaa ni yule saisi, mzee wa Kisauni, aja jioni na birika la kahawa chungu, akaa, asimulia farasi wa zamani aliowahi kuwatunza, wala hanipi nasaha. Jioni ndio mbaya, kazi zimeisha na mikono haina la kufanya.

Na swali jipya ni lini nitampandisha tena. Mpaka daktari achukue sampuli ya kizazi ije safi, na mpaka mie mwenyewe nitake. Anayeona nakawia aje, beleshi liko mlangoni na samadi ni tele.