Kabla hujasema ni adimu, ngoja afungue mkia

Kila Januari lazima mtu atume kwenye grupu yetu ya watazama ndege picha ya kandege kamesimama juu ya kichuguu huko Kapiti au barabara ya Magadi, karangi ka mchanga, mkia mweusi tii, na chini ameandika WITIA WA JANGWANI!!! Basi simu inalia mpaka usiku. Witia ni hawa ndege wadogo wa ardhini, wheatear kwa Kiingereza, na wako wa aina kadhaa. Raha yake naijua, huyo wa jangwani baridi ya kwao huikimbilia Sahara na Uarabuni, Kenya kumwona ni bahati kweli kweli. Lakini jamani, picha ya witia amefunga mkia haisemi kitu.

Mkia ukifungwa unaona yale manyoya mawili ya katikati tu, na hayo karibu kwa wote ni meusi, nyeupe iko pembeni imefichwa. Lazima aruke. Akiruka, witia isabelina, aina nyingine, ana weupe kiunoni na pande za mkia, halafu nusu ya mwisho yote nyeusi, ni kama T iliyogeuzwa yenye mguu mfupi. Witia wa kaskazini ana T pia ila mkanda wake wa mwisho ni mwembamba. Wa jangwani hana T yoyote, mkia ni mweusi karibu mpaka kwenye mzizi.

Mwaka jana ilitumwa picha ya mmoja wa karibu na Konza nikaenda na binokula. Nikamkuta amesimama wima, miguu mirefu, anakimbia hatua chache anasimama, anatikisa mkia, anakimbia tena. Kijana wa mbuzi akaniuliza, "Mzee, umeona nyoka?" Nikamwonyesha, akasema ah, huyo yuko hapo kila siku na anafukuza wenzake. Na ni kweli, witia hata huku ugenini hushika kipande chake cha ardhi akakilinda, kwa hiyo usikimbilie kupiga picha moja ukaondoka, kesho utamkuta palepale.

Nilipopata mwanga mzuri nikaona kwenye ukingo wa bawa kadoa keusi kako peke yake, bawa lenyewe limepauka. Hapo nilishajua. Kwa wa kaskazini bawa zima limekolea kuliko mgongo, kadoa hako hakaonekani hivyo. Mbuzi wakapita, akaruka, T hiyo hapo, isabelina. Hawa huzaliana kuanzia Uturuki mpaka Mongolia, sasa mtu atoke huko kote halafu grupu imnunie eti si adimu!

Ukituma, tuma akiwa anaruka hata picha ikiwa na ukungu, weka na mahali na tarehe. Tarehe muhimu sana, wageni wanakuja kama Oktoba na kufikia Aprili wengi washaondoka. Tuna witia wa hapahapa mwenye mkanda mweusi kifuani, na kinda lake mkanda haujakolea, kwa hiyo ukiniletea witia wa jangwani wa mwezi wa saba nitakuuliza kwanza kama umemwona mama yake.