Mtoto Aliyezaliwa Baada ya Vishikwambi

Kondakta wa basi la Njombe alinitoza shilingi 10,000 kwa ajili ya ubao wa kupimia urefu wa watoto, akidai kwamba kitu kirefu kiasi kile ni mzigo wa biashara. Nilipomweleza kwamba ni kifaa cha kazi, alinijibu kwamba hata jeneza ni kifaa cha kazi na bado hulipiwa. Nililipa, nikanyimwa risiti, na kwa hasira sikuutazama hata mlima wa Kitonga ambao abiria wengine walikuwa wakiupiga picha. Tulifika usiku, mwezi Julai 2025, katika baridi ambayo mtu wa Muheza kama mimi haijui, na gesti iliyotutoza 25,000 kwa usiku mmoja ikatupa blanketi moja na ahadi ya maji ya moto.

Tulifuata udumavu, yaani ufupi wa mtoto usiolingana na umri wake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, lakini Iringa ilifikia takriban 57, huku Njombe na Rukwa zikiwa karibu na nusu. Hii ndiyo mikoa inayotulisha viazi na mahindi sisi wengine. Sisi wadadisi wanne tulipaswa kupima, katika kila eneo la kuhesabia watu, watoto wa kaya 20 zilizoteuliwa kwa bahati nasibu. Siku tisa za kwanza zilikuwa vumbi na viazi, basi.

Siku ya kumi, katika kaya ya 14, tulimkuta bibi mmoja akiishi na wajukuu watatu. Mama wa mjukuu mdogo wa kike alikuwa Dar es Salaam akiuza nguo Kariakoo, na hatukumwandika kwa kuwa kaya ni watu wanaolala na kula pamoja. Tulimsimamisha mtoto kwenye ubao, kisigino kikigusa, akalia, tukasoma sentimita 86. Kadi ya kliniki haikuwapo.

"Amezaliwa mwaka wa sensa," bibi alisema.

Kiongozi wetu, aliyekuwa na haraka kwa sababu gari lilikodiwa kwa siku, alitaka tuandike miezi 36 tuondoke. Msichana wa miezi 36 aliye chini ya sentimita 87 na ushee huhesabiwa amedumaa. Wa miezi 30 mwenye urefu uleule amevuka, kwa sababu kikomo chake ni 83 na ushee. Eneo zima lilikuwa limetupatia watoto 12 tu, kwa hiyo yule mmoja, akisogezwa miezi sita huku au kule, alikuwa anabeba zaidi ya asilimia 8 ya kijiji. Nikakataa. Nilitoa kalenda ya matukio, ile orodha ya mambo ambayo kila mtu anayakumbuka, nikamwuliza bibi kama mtoto alikuwa amezaliwa wale vijana wa sensa wenye vishikwambi walipopita.

Bibi alicheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, mimi nilimwuliza yule karani: na huyu aliye tumboni unamwandika? Akaniambia, bibi, asubiri sensa ijayo."

Basi, usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022 mtoto alikuwa bado hajazaliwa, na zile milioni 61.7 tulizotangaziwa hazina yeye. Lakini alizaliwa mwezi gani? Bibi alisema mahindi yalikuwa yamekwisha kuota. Tukapanda kwenye kichuguu kutafuta mtandao, tukampigia mama yake, na katikati ya kelele za Kariakoo akajibu bila kufikiri: Desemba 28. Miezi 30. Kiongozi alibonyeza kishikwambi chake kwa nguvu isiyo ya lazima. Sisemi kwamba mtoto yule alikuwa mrefu. Alikuwa mfupi, na uji wake ulikuwa wa mahindi matupu. Ila hakuwa miongoni mwa wale tuliokuja kuwahesabu.

Wiki mbili zilizobaki zilipita, nami sikuacha kumfikiria yule mama wa Kariakoo. Mwaka 2022 mimi nilihesabiwa Dar es Salaam nilikolala usiku ule, na mwanangu akahesabiwa Muheza kwa mama yangu, kila mmoja katika mkoa wake. Kama mdadisi angebisha hodi huko, angepata nini?

Wakati wa kurudi kondakta mwingine alitaka 15,000 kwa ubao uleule. Nilikuwa kwenye simu, nikamwashiria asubiri.

"Mama, shikamoo. Kadi ya kliniki ya mtoto umeiweka wapi?"

"Marahaba. Si uliondoka nayo wewe?"